Mkono Unaongoja Maji Yatulie

Risasi ikikaa ndani ya nyama ya paja, mara nyingi huachwa hukohuko. Mwili huizungushia kovu na mtu akazeeka nayo. Kwenye goti ni habari nyingine. Ute wa goti huimung'unya taratibu, sumu yake ikaingia kwenye damu, na kila hatua chuma kinasaga gegedu. Lazima itoke, na hapo ndipo ninapomvulia kofia fundi wa mifupa.

Niliwahi kumtazama mmoja kazini, hapa Dar es Salaam. Matundu mawili madogo: huku kamera, huku koleo jembamba, na maji ya chumvi yakipita kulitanua goti. Risasi ikaonekana kwenye skrini, nyeusi, imejibanza. Koleo lilipoigusa ikateleza. Hakuifukuza. Aliagiza maji yafungwe, maana mkondo ndio unaoikimbiza, akangoja. Kisha akapitisha sindano kwenye ngozi, akaibana palepale, ndipo koleo likarudi. Kabla ya kuitoa alilipanua tundu kidogo, isije ikachomoka mlangoni ikapotelea kwenye nyama. Halafu akalisuuza goti, akalisuuza tena, hadi vumbi jeusi likaisha.

Njia hii si ya jana. Mjapani Kenji Takagi alichungulia goti la maiti mwaka 1918 kwa chombo cha kupimia kibofu. Sisi tulipata Taasisi ya Mifupa Muhimbili mwaka 1996. Goti la kupasuliwa wazi, lenye kovu refu na ugumu wa kukunja, wengi bado tunalikumbuka.

Mbagala, hapahapa jijini, hawahitaji kuelezwa chuma kinavyoingia mwilini. Maghala ya silaha yalilipuka kwao tarehe 29 Aprili 2009. Lakini huku mitaani jeraha likishafunga, mtu kapona. Fomu ya polisi, PF3, imegongwa muhuri, mguu hauumi sana, kliniki ni mbali na nauli ndiyo pesa ya unga. Goti linaoza ndani kwa ndani.

Na mashine mpya ikifika hospitalini tunaipiga picha, tunatangaza bei yake. Mkono uliojua kungoja haupati hata mstari mmoja. Mkono huo haununuliwi. Kijana husimama miaka kando ya mkubwa wake, akishika kamera tu, kabla ya kupewa koleo. Wakubwa hao wanatutoka. Profesa Philemon Sarungi, bingwa wa mifupa, alifariki Machi 2025, na niliowasikia wengi walikuwa wakimlilia kama waziri wa zamani tu.