"Kalamari" na "Kalamu": Tusikimbilie Kufanana kwa Sauti

Siku hizi neno "kalamari" limezoeleka katika orodha za vyakula vya hoteli, hasa pwani ya Kenya, Malindi na Watamu, ambako Waitaliano ni wengi. Kwa kuwa linafanana na "kalamu", wapo wanaoeleza kwamba Waitaliano walilikopa kwetu au kwa Waarabu. Maelezo hayo yanavutia, lakini hayana mashiko.

Kwa Kiitaliano, calamaro ni ngisi mmoja. Calamari ni wengi. Asili yake ni neno la Kilatini calamarium, yaani kibweta cha kuwekea kalamu, ambalo nalo limetokana na calamus, tete la kuandikia. Walatini walilipata kutoka Kigiriki: kalamos, yaani tete au mwanzi. Sababu ya ngisi kuitwa hivyo si ngumu kuiona. Hutoa wino mweusi anapomkimbia adui, na ndani ya mwili wake mna kipande kirefu, chembamba, mfano wa kalamu.

Kigiriki hicho hicho ndicho kilichowapa Waarabu qalam, jina la sura ya 68 ya Kurani, nasi tukapata "kalamu" kupitia kwao. Kwa hiyo kalamu si mzazi wa calamari. Ni ndugu wa ukoo mmoja waliopitia njia mbili.

Hapa tuna malalamiko mawili. Kwanza, kamusi nyingi huishia kusema kwamba "kalamu" ni Kiarabu, na mwanafunzi hudhani safari ya neno imeishia hapo. Pili, na hili ni zito zaidi, sisi tunaofundisha mbali na bahari tunaliacha neno "ngisi" lipotee. Mwanafunzi anayeijua kalamari ya hotelini lakini hamjui ngisi, au anayemwita pweza, amepungukiwa. Pweza ana minyiri minane. Ngisi ana kumi.

Hatupingi kukopa. "Kalamari" linaweza kubaki jina la chakula, vile vipande vya mviringo vilivyokaangwa. Lakini mnyama mwenyewe ana jina, na wavuvi wetu wanalitumia kila siku. Tunawaomba walimu walifundishe. Tena, maneno mawili yakifanana, tumwulize mwanafunzi kila neno limepita wapi kabla ya kumruhusu aseme lipi limezaa lipi.