Ngoma Kando ya Chokaa

Taita Taveta ina kilomita za mraba elfu kumi na saba na ushei, na zaidi ya nusu yake imo ndani ya mbuga za Tsavo. Watu 340,671 waliohesabiwa mwaka 2019 wamegawana kilichobaki: vilima vya Wundanyi na Mbololo, kandokando ya barabara kuu ya Mombasa, pembezoni mwa mashamba ya katani ya Voi na Mwatate, na kule chini Taveta, mpakani na Tanzania. Ukitoa ndovu, katani na miteremko, ardhi tambarare ya kutosha magoli mawili ni mali adimu. Ndiyo maana kiwanja cha mpira hapa hakina mwenyewe mmoja. Asubuhi ni cha wanafunzi, mchana cha mbuzi, msimu wa kura cha wagombea. Jumamosi saa kumi, jua la Voi likianza kulegea, kinakuwa cha mashabiki.

Mjini Voi kuna Uwanja wa Moi. Wundanyi kuna ule uliopewa jina la Dawson Mwanyumba, mmoja wa mawaziri wa mwanzo wa Kenya huru. Ukiacha vichache vya namna hiyo, mpira wa kaunti huchezwa kwenye viwanja vya shule na vya vijiji, visivyo na jukwaa wala ua. Kuna mstari wa chokaa, na nyuma yake safu ya miguu: viatu, malapa, magurudumu ya bodaboda. Safu hiyo ndiyo ukuta na ndiyo jukwaa. Vilimani, ambako kiwanja hukatwa ubavuni mwa mlima, watazamaji hukaa kwenye mteremko wa juu, na shuti likienda kombo upande wa chini mchezo husimama mpaka mtoto aufuate mpira bondeni. Wakati huo wa kungoja ndipo fundi wa shangwe anapojulikana.

Maana shangwe haijileti. Kila kiwanja chenye uhai kina watu wawili watatu wanaoibeba: mpiga ngoma, mwanzishaji wa nyimbo, na mara nyingi mama mmoja ambaye kigelegele chake hufika goli la pili. Majina yao hayaandikwi kwenye orodha ya wachezaji, refa hana habari nao, na matokeo yakitangazwa redioni hawatajwi. Lakini siku wasipokuja, kila mtu anajua kuna kitu kimepungua, hata asiyeweza kukitaja.

Kazi yao ina elimu yake. Ngoma ya ngozi haipendi unyevu: ukungu wa Wundanyi huilegeza, na mpigaji anayejua kazi huwasha majani makavu au karatasi na kuizungusha juu ya moto mpaka sauti irudi. Voi hahitaji moto. Akiiegemeza juani tangu saa nane, ikifika saa kumi inalia kama bati, na shida yake inakuwa kinyume, kuitafutia kivuli kabla haijakaza kupita kiasi. Kijana anayejifunza huanza kwa kubeba ngoma, kisha kuikausha, kisha kushika mdundo wa chini usiobadilika, ule unaowashikilia wengine. Kupewa nafasi ya kupamba juu ya mdundo huo ni cheo, na hakiombwi.

Mwanzishaji naye ana mtihani mgumu zaidi. Aghalabu huupa uwanja mgongo ili awaone watu wake, kwa hiyo mchezo anausoma nyusoni mwao. Macho yakipanuka anajua winga ametoroka, midomo ikibana anajua hatari iko langoni kwao. Akianzisha wimbo mrefu timu yake ikiwa inasubiri kona, atakuwa amechelewa, kwa kuwa kona inataka mdundo wa haraka, mfupi, unaopanda mpaka mpira uguswe. Timu ikizidiwa anateremsha mwendo, anachagua wimbo mzito ambao hata mzee aliyekaa pembeni anaujua, ili sauti ziwe nyingi hata kama furaha ni haba. Na penalti ikiwa ya kwao, ananyamazisha kila kitu kwa kiganja kimoja. Kuwanyamazisha mashabiki mia tatu kwa kiganja si jambo la kujifunza kwa wiki moja.

Mafundi hawa wameurithi wapi ufundi wao? Voi ni mji wa reli. Njia iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 na kufika Nairobi 1899 ilipita hapa, na wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza likachomoza tawi la kwenda Taveta na kuungana na reli ya Moshi. Reli na katani zilileta wafanyakazi kutoka magharibi na Nyanza, nao hawakuja mikono mitupu. Walikuja na timu zao moyoni: AFC Leopards, iliyoanza mwaka 1964 kwa jina la Abaluhya, na Gor Mahia, iliyozaliwa 1968. Walikuja pia na namna zao za kushangilia. Isukuti, ngoma ya Waisukha na Waidakho wa Kakamega inayopigwa kwa seti ya ngoma kubwa, ya kati na ndogo, imekuwa sauti ya mashabiki wa Leopards kwa vizazi, na mwaka 2014 UNESCO iliiweka kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka. Urithi huo huo umelindwa na mashabiki kila wikendi, bila wao kuambiwa kwamba wanalinda kitu.

Wenyeji nao walikuwa na chao. Wadawida wana Mwazindika, ngoma ya kupunga pepo, ambayo mpigaji wake hufuata hali ya mgonjwa na kuubadilisha mwendo kadiri anavyomwona. Ustadi huo wa kumtazama mtu na kuupima mdundo kwa mwili wake ndio anaouhitaji mpiga ngoma wa kiwanjani. Kuna kwaya za makanisa ya vilimani, zinazowafundisha watoto kugawana sauti kabla hawajajua kusoma vizuri. Kuna tamasha la muziki la shule, lililoanza nchini mwaka 1927, ambalo kila mwaka huwatuma wanafunzi wakajifunze nyimbo za kienyeji za kwao na za majirani. Mwanafunzi aliyefundishwa kuanzisha na kupokewa mbele ya waamuzi siku ya Alhamisi hawezi kushindwa kuanzisha mbele ya wenzake Jumamosi. Kutoka upande wa Mombasa zikaja taarabu na chakacha za harusini, ndipo kigelegele kikapata walimu wengi. Kiwanja cha Voi kimezipokea zote, na mara nyingine zote husikika katika kipindi kimoja cha dakika 45.

Mabadiliko yalianza kusikika mwaka 2010, Kombe la Dunia lilipochezwa Afrika Kusini na vuvuzela kuenea barani. Vuvuzela ni chombo cha usawa: asiyejua kupiga chochote anaweza kulipuliza, na ndiyo kasoro yake. Lina noti moja, halisikilizi mwenzake, na likipulizwa na watu ishirini linaizima ngoma. Ulaya, UEFA ililipiga marufuku mwezi Septemba mwaka huo huo. Viwanjani kwetu hakukuwa na haja ya marufuku. Wapigaji walijifunza kungoja, kwa kuwa mapafu huchoka kabla ya mikono, na vuvuzela zikipumua wao ndio walioingia. Spika za kukodi ni mpinzani mbaya zaidi. Hazichoki, na zikifunguliwa wakati wa mapumziko haziachi nafasi ya mtu kuanzisha kitu.

Kisha kuna saa. Mechi za ligi ya Uingereza zinazoanza saa tisa alasiri kule London huonekana Voi saa kumi na moja jioni kuanzia mwishoni mwa Machi hadi mwishoni mwa Oktoba, na saa kumi na mbili miezi mingine. Katika miezi ya saa kumi na moja, mechi ya nyumbani iliyoanza saa kumi inakuwa bado katika kipindi cha pili Arsenal wanapoingia uwanjani. Mtu anasimama kwenye chokaa huku jicho liko kwenye simu, na dakika ya sitini safu inaanza kupungua kuelekea kumbi za runinga. Ndani ya kumbi hizo kuna kelele nyingi na utani mtamu, lakini ni kelele za shabiki kwa shabiki, kwani Saka wa Arsenal hawezi kuwasikia. Beki wa kushoto wa timu ya mtaani anasikia kila neno, na anajua ni nani aliyelisema.

Mji mkuu nao umetoa somo lake, tena kwa uchungu. Oktoba 2010, watu saba walifariki katika mkanyagano kwenye Uwanja wa Nyayo siku ya mechi ya Gor na Leopards. Mwaka 2024, timu ya taifa, Harambee Stars, ilicheza mechi zake za nyumbani nje ya nchi, zikiwemo za Malawi na Uganda, kwa kuwa nchini hakukuwa na uwanja uliokubaliwa na Shirikisho la Soka Afrika (CAF). Nyumbani bila watu wa nyumbani. Agosti 2025 michuano ya CHAN, ya wachezaji wa ligi za ndani ya Afrika, ilipofika Uwanja wa Kasarani, shauku iliyokuwa imefungiwa ilifurika: Kenya iliifunga Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo 1-0, ikaifunga Morocco 1-0, na CAF ikalazimika kupunguza idadi ya mashabiki wanaoruhusiwa kuingia baada ya kanuni za usalama kuvunjwa malangoni. Tiketi zikawa za kielektroniki. Stars ilitolewa na Madagascar kwa penalti katika robo fainali, lakini mashabiki walikuwa wamekwisha kuonyesha wanachoweza, kizuri na kibaya.

Hapo ndipo ufundi wa viwanja visivyo na ua unapostahili sifa kubwa zaidi. Refa akikataa bao ambalo kila mtu ameliona, Nairobi kuna uzio, polisi na kamera. Katika kiwanja cha kijiji kuna mstari wa chokaa peke yake. Miguu ya kwanza ikiuvuka, mechi imekwisha, na pengine msimu pia. Mwanzishaji hodari huiona ghadhabu hiyo kabla haijafika miguuni. Hahubiri. Anaanzisha wimbo wa kumkejeli refa, wa kuchekesha kuliko kutukana, ngoma inaudaka, na watu waliokuwa wakitafuta mawe wanajikuta wanapiga makofi. Refa anaaibika na anarudi kwake salama. Wapo wanaoifanya kazi hiyo kinyume, wakachochea, na kila mtaa unawajua. Ni ngoma ile ile, na tofauti iko kwa anayeishika.

Kenya, Uganda na Tanzania zinajiandaa kupokea Kombe la Afrika la 2027, na mazungumzo mengi ni ya viti, taa na nyasi. Ngazi ya kaunti hesabu ni nyingine. Kutoka Voi hadi Taveta ni zaidi ya kilomita mia moja, na matatu huruhusiwa kubeba abiria 14. Wachezaji 11, wa akiba wawili na kocha wanaijaza. Mpiga ngoma anabaki kujitafutia nauli, na asipoipata, timu inaingia kwenye kiwanja cha wageni ikiwa na jezi safi lakini bila sauti. Vilabu vinavyochangisha pesa za soksi na za waamuzi vingeweza kuandika jina lake kwenye orodha ya safari, hata kwa kumwacha mchezaji mmoja wa akiba.