Neno la Penseli, Neno la Wino

Mzee mmoja wa Gangilonga, mwalimu mstaafu wa Kiingereza, bado anaokota maneno. Jioni za Juni, baridi ya Iringa inapoanza kuuma, hukaa sebuleni na koti lake zito, gazeti la Kiingereza magotini na penseli sikioni. Hana mtihani anaoungojea wala mwanafunzi wa kumsahihishia. Akikuta neno asilolijua hulipigia mstari mwembamba, akaendelea kusoma hadi mwisho wa habari, ndipo arudi. Nilimwuliza kwa nini asifungue kamusi pale pale. "Mwanangu," akasema, "liache kwanza lijieleze lenyewe."

Maneno hayo huishia kwenye kaunta buku. Anazo kadhaa, zenye jalada gumu jeusi na mgongo mwekundu, zimepangwa juu ya kabati la vyombo, na zote zina utaratibu mmoja. Neno likionekana mara ya kwanza huandikwa kwa penseli, pamoja na sentensi nzima lilimotoka, jina la kitabu na ukurasa. Likijitokeza tena kwingine, iwe gazetini au redioni, ndipo hupitiwa kwa wino, na sentensi ya pili ikawekwa chini ya ile ya kwanza. Safu ya kulia ameiachia maneno yanayoandamana nalo: kitenzi gani hulitangulia, kihusishi gani hulifuata. Nilifungua ukurasa mmoja nikakuta aloof. Sentensi ya juu ilikuwa ya ujana wake, mwandiko umelala vizuri kulia. Ya chini ni ya juzi juzi, herufi zimeanza kutetemeka. Pembeni vimejipanga vitenzi vitatu, keep, remain na stand. Sentensi ya tatu, aliyoitunga mwenyewe, ilimhusu jogoo wa jirani.

Kuna kurasa ambazo nusu ya maneno yake yamebaki ya penseli. Hayakurudi tena. Mwalimu hayatumii, hata kama maana yake anaijua fika, na hili ndilo lililonishangaza kuliko yote: mtu mwenye maneno mengi namna ile, na bado anajinyima mengine. Wanafunzi wake nao aliwalea hivyo hivyo. Insha yenye neno kubwa lililochomekwa kwa kujionyesha ilirudi na duara jekundu, na swali dogo pembeni: umelikuta wapi?

Kamusi yake ni ya Hornby, toleo la 1974, mgongo umeshikizwa kwa plasta ya hospitali. A. S. Hornby alikuwa mwalimu wa Kiingereza huko Japani, na kamusi yake ilichapwa kwanza Tokyo mwaka 1942, kabla ya Oxford kuitoa upya mwaka 1948. Iliandikwa kwa ajili ya watu walio mbali na Uingereza, wasio na Mwingereza wa kumwuliza, ndiyo maana imejaa mifano na zile namba za miundo ya vitenzi ambazo wanafunzi wa leo wakiziona hudhani ni hesabu. Mwanafunzi wa Tukuyu au Makete alikuwa msomaji wake hasa.

Ila kamusi haikufanya kazi peke yake. Mabwenini Mbeya, taa zikishazimwa, tochi ziliingia chini ya blanketi pamoja na riwaya za James Hadley Chase. Walimu walivikamata vitabu vile wakavifungia kabatini, navyo vikazidi kutembea, majalada yamekwisha, kurasa za mwisho zimechomoka, hata msomaji akalazimika kumtafuta mtu wa bweni lingine amsimulie muuaji alikuwa nani. Chase mwenyewe, ambaye jina lake halisi ni René Raymond, alikuwa Mwingereza aliyewahi kufanya kazi ya kuuza vitabu. Marekani aliyoiandika aliijenga kwa ramani na kamusi za lugha ya mitaani. Kumbe naye aliokota! Nadhani ndiyo sababu vijana wa Nyanda za Juu Kusini walielewana naye.

Elimu huku haikuanza jana. Shule ya Malangali ilifunguliwa mwaka 1928, na mkuu wake Mumford alitaka watoto wa Wahehe, Wabena na Wasangu wapate elimu mpya bila kutupa mila zao. Wazo hilo la kuongeza bila kufuta ninaliona katika kaunta buku zile.

Mimi si mtetezi wa Kiingereza. Tume ya Rais kuhusu elimu, iliyotoa ripoti yake mwaka 1982 ikiongozwa na Jackson Makwetta, mwana wa Njombe, ilipendekeza sekondari zifundishe kwa Kiswahili. Serikali ikakataa, na Mwalimu Nyerere akasema Kiingereza ndicho Kiswahili cha dunia. Ningekuwa na kura ningempa Makwetta. Lakini Nyerere huyo huyo alikuwa amekwisha kumtafsiri Shakespeare, tamthilia ya Kaizari mwaka 1963 na Mabepari wa Venisi mwaka 1969, kazi isiyofanyika bila kukaa na neno moja moja kama mama anavyochambua mchele. Aliyejifunza Kiingereza kwa mtindo huo, Kiswahili chake nacho kilinenepa. Sisi tumebakiza mitihani ya Kiingereza, na subira ya kukijifunza tumeitupa.

Siku hizi neno halisumbui mtu. Linabonyezwa kwenye simu, linajibiwa, linasahauliwa kabla basi halijatoka kituo cha Kabwe, Mbeya. Stesheneri za karibu na vyuo zinauza fotokopi za maneno magumu, neno upande huu, maana upande ule, sentensi hakuna hata moja; kijana anazikariri usiku, asubuhi anazimwaga kwenye karatasi, mchana hana kitu. Barua za kuomba kazi zinazopita mezani kwangu zina msamiati ambao mzee wa Gangilonga angeuacha kwa penseli miaka kumi, na zote zinafanana, mpaka nimezoea kusoma jina na namba ya simu tu. Walioziandika si wajinga. Hawakupata mtu wa kuwauliza wamelikuta wapi.

Mwaka jana mwalimu alitaka kuzikabidhi kaunta buku zake kwa shule moja ya sekondari. Alipokewa kwa heshima zote, shikamoo kila kona, akakalishwa, akaletewa soda. Mkutubi alifungua moja, akafunua kurasa mbili tatu, akauliza kama yaliyomo yamo kwenye mtaala. Kisha akauliza kama mzee anayo PDF yake. Zilirudi Gangilonga kwa bajaji, na nauli akajilipia mwenyewe.