Usaha kwenye mzizi wa jino: kwa nini vidonge peke yake havitoshi

Mwaka 1965 watafiti watatu wa Marekani, Kakehashi, Stanley na Fitzgerald, walichapisha jaribio ambalo madaktari wa meno wanalitaja hadi leo. Walitoboa magego ya panya mpaka kwenye kiini, ile nyama laini ya ndani yenye mishipa ya damu na neva, kisha wakayaacha wazi. Baadhi ya panya walikuwa wa kawaida. Wengine walizaliwa na kukulia katika vizimba visivyo na kijidudu hata kimoja. Chakula kilijazana matunduni kwa wote. Kwa panya wa kawaida kiini kilioza, na majipu yakatunga kwenye ncha za mizizi. Kwa wale wasio na vijidudu kiini kiliendelea kuishi, na kufikia wiki ya nne kilikuwa kimejijengea kizibo kipya cha dentini, ile sehemu ngumu ya jino inayozunguka kiini, juu ya tundu. Tundu ni lilelile na chakula ni kilekile. Kilichotofautiana ni bakteria tu. Kama mtu atasema panya si binadamu, ana haki ya kuuliza. Mwaka 1976 Sundqvist wa Sweden alichunguza meno ya watu ambayo viini vyake vilikufa kwa kugongwa, huku taji za meno, yaani sehemu inayoonekana mdomoni, zikiwa nzima. Kati ya meno 19 ambayo mfupa wa kuzunguka mzizi ulikuwa umeliwa, 18 yalikutwa na bakteria ndani.

Hoja yangu inaanzia hapo. Kiini kikishakufa, damu haiingii tena ndani ya jino. Dawa ya kumeza husafiri kwa damu, kwa hiyo amoksilini hufika kwenye fizi na mfupa wa taya lakini haifiki ndani ya mfereji wa mzizi, ambako bakteria wamejikita. Daktari anayetibu mzizi hupiga ganzi, hulitenga jino kwa karatasi ya mpira ili mate yasiingie, hufungua taji, huondoa mabaki ya kiini kwa vijisindano na kuosha mfereji kwa haipokloraiti ya sodiamu, ambayo ni jamii ya dawa ya kufulia nguo nyeupe. Kisha huuziba mfereji mpaka karibu na ncha, na taji juu yake. Kuziba taji vibaya ni kuwafungulia bakteria mlango upya, na kazi nyingi nzuri za mzizi huharibikia hapo.

Wapo watakaopinga: mbona nilimeza vidonge na maumivu yakaisha? Yaliisha kweli. Dawa ilipunguza maambukizi nje ya mzizi, au usaha ulijipenyeza ukatokea kwenye fizi na shinikizo likashuka; tena neva iliyokufa haiumi. Lakini chanzo kimebaki, na uvimbe hurudi. Ndiyo maana mwongozo wa Chama cha Madaktari wa Meno cha Marekani wa mwaka 2019 unashauri kwamba mtu mzima mwenye kinga nzuri, anayeweza kutibiwa jino lenyewe mara moja, kwa kawaida asipewe antibiotiki. Dawa hizo zina nafasi yake pale penye homa, au uvimbe unaosambaa. Wengine husema kung'oa ni nafuu. Ni kweli, na kung'oa nako huondoa chanzo. Kwa asiyemudu matibabu ya mzizi ni tiba halali kuliko kununua vidonge dukani kila baada ya miezi michache. Gharama yake huja baadaye, pale meno ya jirani yanapoinamia pengo.

Kinga ni nafuu kuliko vyote hivi. Bakteria wa mdomoni hugeuza sukari kuwa asidi, na mara ngapi kwa siku jino linakutana na sukari ni jambo zito kuliko kiasi chake: soda inayonywewa kidogo kidogo mchana kutwa ni mbaya kuliko ile iliyomalizwa pamoja na mlo. Piga mswaki mara mbili kwa siku kwa dawa yenye floraidi, tema povu bila kusukutua kwa maji mengi, na tundu likionekana lizibwe likiwa bado dogo. Ukiona uvimbe chini ya taya au chini ya ulimi, mdomo haufunguki au kumeza mate ni shida, usisubiri asubuhi: nenda hospitali usiku huohuo, kwa sababu uvimbe wa namna hiyo unaweza kuziba njia ya hewa.