Zimwi Lenye Pande Tatu

Wahenga walisema: zimwi likujualo halikuli likakwisha. Methali hii hutumika zaidi katika mambo ya jamaa na jirani, lakini ndani yake mna hukumu juu ya sanaa ya kutisha: hofu ivumilikayo ni ile yenye sura inayojulikana. Hadithi za picha za kutisha, hasa zilizochorwa kwa pande tatu hata kiumbe kikaonekana kutoka nje ya karatasi, zafaa kupimwa kwa mizani hiyo. Wapenzi wake huzisifu kwa kipimo kimoja: kadiri zimwi linavyofanana na kitu cha kushikika, ndivyo mchoraji anavyohesabiwa kuwa bingwa. Kipimo hicho hakitoshi.

Mwaka 1953, nchini Marekani, Joe Kubert na Norman Maurer walitoa kitabu cha katuni za pande tatu kilichomhusu panya shujaa, Mighty Mouse. Kilisomwa kwa miwani ya karatasi, jicho moja jekundu na jingine la rangi nyingine, na wasomaji walikigombea. Mwaka uliofuata kampuni ya EC, iliyovuma kwa hadithi za makaburi na maiti, nayo ilitoa matoleo ya namna hiyo, lakini shauku ilikwisha kupoa. Jicho lilikuwa limezoea. Mwaka huohuo wa 1954 kamati ya Seneti ilisikiliza mashauri juu ya madhara ya katuni kwa watoto, na wachapishaji wakajiwekea kanuni kali zilizozizima hadithi nyingi za kutisha. Kina cha mchoro kiliwashangaza watu kwa miezi michache tu. Maana ya mchoro ndiyo iliyowagombanisha.

Mpenzi wa ushairi hana haja ya miwani ili kulielewa jambo hili. Katika Utendi wa Fumo Liyongo, ulioandikwa na Muhamadi Kijumwa mwaka 1913, shujaa aliyechomwa kitovuni na mwanawe anakwenda kisimani, anapiga goti, anatia mshale katika upinde, na hapo roho inamtoka. Watu wa mji hawathubutu kuteka maji. Maiti imegeuka sanamu, na mji mzima umeshikwa na kiu kwa sababu ya sanamu. Utisho wa tukio hilo haumo katika uso wa Liyongo, bali katika miguu ya watu inayosita njiani. Mwili ule una pande zote tatu, lakini kinachoupa nguvu ni jinsi unavyotazamwa.

Sanaa ya Tanzania nayo ina mizimu yake ya kushikika. Mwishoni mwa miaka ya 1950, jijini Dar es Salaam, mchongaji Mmakonde Samaki Likankoa alianzisha mtindo wa shetani: viumbe vya mpingo vilivyopinda, vyenye viungo visivyokaa mahali pake. George Lilanga, aliyefariki mwaka 2005, aliwatoa mashetani hao katika mti akawaweka juu ya turubai, wakicheza na kugombana kama watu wa mtaani. Mtazamaji hushtuka kwanza, kisha hucheka. Msomaji wa hadithi za picha za mijini hufanya vivyo hivyo. Anamfuata msichana mrembo usiku, kipande baada ya kipande, hata pembeni mwa gauni inapochungulia kwato. Anapiga ukelele, halafu anacheka na kumwonyesha mwenzake ukurasa. Ukelele huo unaonyesha kwamba mchoro umemfikia, na kicheko chaonyesha kwamba anajua ni mchoro.

Hicho kicheko ndicho kipimo kinachosahauliwa. Hofu isiyopata kicheko hutafuta mwili, na ikiukosa katika sanaa huutafuta barazani. Visiwa vyalijua hilo kwa uchungu. Mwaka 1995 Popobawa alivuma Pemba, akavuka hadi Unguja, watu wakalala nje kwa makundi na kukesha. Jina lake latokana na kivuli mithili ya bawa la popo. Kiumbe chenyewe kilisemwa kuwa hujigeuza. Mwili wa popo mwenye jicho moja alipewa zaidi na waandishi wa nje. Lakini umati haukungoja mchoraji. Mjini Zanzibar mtu mmoja mgonjwa wa akili alidhaniwa kuwa ndiye, akauawa. Hofu isiyo na sura ilijipatia sura, nayo ilikuwa ya mnyonge.

Kwa hiyo swali la kumwuliza mchoraji wa pande tatu si kama zimwi lake linaonekana hai, bali ni uso wa nani aliouazima. Kwato, jicho moja na viungo vilivyopinda ni mavazi ambayo hakuna jirani awezaye kuyavaa. Kikongwe mwenye macho mekundu ni jambo jingine. Katika nchi ambamo vikongwe wameuawa, Usukumani hasa, kwa sababu ya macho yaliyowiva kwa moshi wa jikoni, kumchora mchawi kwa sura hiyo ni kumnyooshea kidole mtu aliye hai. Na kadiri mchoro unavyopata kina, kidole hicho huzidi kurefuka. Shangwe za wasomaji haziwezi kuufuta uovu huo, hata kama rangi ni nzuri na kivuli kimekaa mahali pake.

Juu ya tambarare ya Kileo, katika milima ya Upare, ipo misitu ya jadi iitwayo mpungi, iliyotunzwa vizazi kwa vizazi kwa heshima na hofu. Hofu hiyo haikuhitaji uso wa mtu, nayo ilikuwa mlinzi wa miti. Mchoraji hawezi kuiga ukimya wa msitu, maana kazi yake ni kuonyesha. Lakini aweza kujifunza kwao kwamba kuna hofu inayolinda. Zimwi lake na litoke katika karatasi apendavyo, mradi msomaji akilifunga kitabu, lisimfuate bibi yake mlangoni.