Kuta Zinazosema na Mbwa Anayenusa: Ray Bradbury, Televisheni na Dola

Miongoni mwa waandishi wa Marekani wa karne ya ishirini, ni wachache walioishutumu televisheni kwa ukali kama Ray Bradbury, na ni wachache pia waliolishwa nayo kama yeye. Alizaliwa Waukegan, Illinois, mwaka 1920, na kufariki Los Angeles mwezi wa Juni 2012. Chuo kikuu hakukiingia. Elimu yake aliichota maktabani, na hata hadithi yake mashuhuri aliiandika chini ya jengo la maktaba ya chuo kikuu cha UCLA, kwa mashine za chapa zilizokodishwa kwa senti kumi kila nusu saa. Mtu wa namna hiyo si ajabu akaiona skrini kuwa hasimu wa kitabu. La ajabu ni kwamba, miaka mingi baadaye, alitaka wasomaji wake waamini kuwa skrini ndiyo hasimu pekee.

Mwaka 2007, alipohojiwa na gazeti la LA Weekly, Bradbury alitamka jambo lililowashangaza wengi: kwamba Fahrenheit 451, riwaya iliyotoka mwaka 1953 na kusomeshwa maskulini kwa zaidi ya nusu karne kama kilio dhidi ya udhibiti wa serikali, haihusu serikali. Inahusu televisheni, na namna inavyowaondolea watu hamu ya kusoma. Mkosaji, kwa maoni yake, si dola bali ni raia wenyewe. Lakini katika miaka ya 1950 mwandishi huyu huyu alikihusisha kitabu chake na hofu za zama za Seneta McCarthy na kumbukumbu ya vitabu vilivyochomwa na Wanazi. Mwandishi ana haki ya kuifasiri kazi yake, ila haki hiyo haimpokonyi msomaji yake. Yafaa kitabu chenyewe kiulizwe.

Kabla ya riwaya ilikuwapo hadithi fupi, The Pedestrian, iliyochapishwa mwaka 1951. Ni usiku wa mwaka 2053. Leonard Mead anatembea peke yake katika mji wa watu milioni tatu, naye hana ubaya wowote ila kutembea. Nyumba zote zimejifungia, na kwenye madirisha inaonekana mimeto hafifu ya televisheni. Anasimamishwa na gari la polisi, gari pekee lililobaki mjini humo, kwani watu waliokaa majumbani wakitazama hawana haja ya kulindwa. Anaulizwa kazi yake. Anajibu kuwa ni mwandishi, na gari linaandika kuwa hana kazi. Anaamriwa aingie, na ndani ya gari hamna mtu. Bradbury aliichota hadithi hii katika tukio lililompata mwenyewe, alipokuwa akitembea usiku na rafiki yake Los Angeles na askari akamsimamisha kumhoji. Kwa hiyo tangu mbegu ya kwanza televisheni na askari wamo pamoja. Televisheni imewaingiza watu ndani. Askari anamkamata aliyebaki nje. Anayedai kuwa kisa hiki kinahusu kimoja tu kati ya viwili hivyo amekata kamba aliyoisokota mwenyewe.

Katika riwaya kamba hiyo inakazwa zaidi. Guy Montag ni askari wa zimamoto, na kazi ya zimamoto katika zama zake si kuzima moto bali kuuwasha: wanachoma vitabu pamoja na nyumba zinazovificha. Mkewe, Mildred, anashinda sebuleni, ambamo kuta tatu kati ya nne ni skrini. Watu wa kwenye kuta hizo anawaita jamaa zake. Ukuta wa nne anaulilia. Bei yake ni dola 2,000, nayo ni theluthi ya mshahara wa mumewe wa mwaka mzima. Usiku analala na viredio vidogo masikioni, mithili ya simbi zinazovuma bahari, na mumewe akitaka kusema naye hana njia ya kumfikia.

Kipo kifaa kidogo ambacho wahakiki wengi hukipita bila kusimama. Mildred amefungiwa chombo cha dola 100 kinachopachika jina lake kila mtangazaji anapotaja watazamaji wake, na hata midomo ya mtangazaji hubadilishwa ili ionekane kweli inalitamka jina hilo. Hapa ndipo jicho la Bradbury lilipoona mbali kuliko alivyokuja kukiri. Ukuta usiomjua mtazamaji ni burudani tu. Ukuta unaomwita kwa jina, lazima kwanza jina lake liwe limeandikwa mahali, na aliyeliandika anajua nani anatazama, wakati gani na kwa muda gani. George Orwell, ambaye Waswahili wengi walimjua kwanza kupitia Shamba la Wanyama, tafsiri ya Fortunatus Kawegere ya mwaka 1967, aliweka katika riwaya yake ya 1949 skrini inayomchungulia raia, na raia anaiogopa. Skrini ya Bradbury inapendwa. Mildred anailipia, na angeuza fenicha za nyumba apate nyingine. Kati ya taswira hizo mbili, hii ya pili ndiyo iliyokaribia zaidi simu ya mkononi ambayo mtu huilaza kando ya mto wake.

Siasa nayo imo, japo kwa ufupi. Wanawake watatu wamekaa mbele ya kuta wakizungumzia uchaguzi uliopita. Sifa ya aliyeshinda ni kuwa alipendeza machoni. Dosari ya aliyeshindwa ni ufupi, kunyoa vibaya na kutochana nywele. Sera haitajwi. Yafaa ikumbukwe kwamba riwaya ilitoka mwaka 1953, miaka saba kabla ya mdahalo wa televisheni wa Kennedy na Nixon, ambao baada yake Wamarekani wenyewe walianza kuuliza kama jasho usoni mwa mgombea linaweza kumnyima urais. Mzaha huu ni mwepesi mno, na pengine ndiyo sababu ya kuuma kwake.

Hata hivyo tashtiti hiyo ina kasoro isiyofaa kufunikwa. Waliolewa skrini katika kitabu hiki karibu wote ni wanawake. Wanaozinduka, wanaobeba vitabu na kukimbilia porini ni wanaume. Clarisse, msichana jirani anayemwamsha Montag kwa maswali yake, anaondolewa hadithini mapema, na yule bibi anayekubali kuungua pamoja na vitabu vyake anapewa kurasa chache tu. Bradbury, aliyewashutumu watayarishaji wa vipindi kwa kuwachora watu bila kina, amemchora Mildred kama wanavyochora wao.

Upelelezi katika riwaya unachukua sura mbili. Ya kwanza ni Mbwa wa Chuma, kiumbe cha miguu minane kilichojengwa zimamoto, kinachowinda kwa harufu. Kila mtu mwili wake una mchanganyiko wake wa kemikali, na Mbwa akishapewa vipimo vya mtu, hamwachi. Montag anagundua mapema kwamba kuna aliyemtia Mbwa huyo sehemu ya vipimo vyake; anamngurumia hata kabla hajatenda kosa linalojulikana. Sura ya pili ni ya jirani. Bibi aliyeungua aliripotiwa na jirani yake. Montag mwenyewe anaripotiwa na rafiki za mkewe, kisha na mkewe. Dola haikuhitaji kuweka mpelelezi katika kila nyumba, maana kila nyumba ilishamtoa wake kwa hiari.

Sura hizi mbili zinakutana na televisheni katika msako wa mwishoni, ambao ndio kilele cha kitabu. Kamera zinamfuata Mbwa kwa helikopta, na mji mzima unatazama. Montag, akikimbia, anachungulia madirishani na kujiona mwenyewe akikimbia ukutani mwa watu. Kisha mtangazaji anawaamuru wakazi wote wasimame, wafungue milango kwa pamoja na watazame nje. Kuta zilizowafungia watu ndani miaka yote hiyo sasa zinawageuza kuwa macho ya polisi kwa hesabu ya moja hadi kumi. Montag anapowahi mtoni na kuponyoka, kipindi hakiwezi kumalizika bila windo. Basi Mbwa anapelekwa kwa mtu mwingine aliyetoka kutembea asubuhi, anauawa hewani, na watazamaji wanaambiwa kuwa Montag amekufa. Sura ya marehemu haionyeshwi vizuri. Mtu huyo asiye na jina ni Leonard Mead aliyerudi, safari hii bila bahati ya kukamatwa tu.

Atakayesoma kurasa hizo kisha akasema kuwa kitabu hakihusu serikali, amezisoma kwa jicho moja. Tena kosa hilo linaonekana dhahiri zaidi kutoka Visiwani. Bradbury aliishi katika nchi ambako televisheni ilikuwa biashara ya wauza sabuni na sigara, ndiyo maana aliweza kuitenga na dola akilini mwake. Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, ilhali Tanzania Bara ilisubiri hadi 1994. Na chombo hicho kilianza maisha yake kikiwa mali ya serikali. Mtazamaji wa huku hakuhitaji riwaya imwonyeshe kwamba ukuta unaosema una mwenyewe.

Kinachotatanisha zaidi ni kwamba Bradbury alikuwa na sababu binafsi ya kuijua dola. Mwezi wa Novemba 1952, baada ya ushindi wa chama cha Republican, alilipia tangazo katika gazeti la Variety akiwaonya washindi waache kuwatisha watu kwa jina la uzalendo. Mwaka 1959 shirika la FBI lilimfungulia uchunguzi. Aliyemsengenya ni mwandishi mwenzake wa filamu, Martin Berkeley, aliyekwisha kuwataja watu wengi mbele ya kamati ya Bunge mwaka 1951, na hoja yake ilikuwa kwamba hadithi za sayansi ni shamba zuri la kupandia ukomunisti. Tangazo la Variety liliingizwa jaladani. Mwaka 1968 aliangaliwa tena, safari hii kuhusiana na mkutano wa utamaduni wa Havana. Hakupatikana na lolote. Jirani aliyebuniwa riwayani akiripoti kwa zimamoto alikuwapo basi katika maisha ya mwandishi, naye alikuwa wa fani moja naye.

Siasa zake za uzeeni zilielekea upande mwingine. Mwaka 2004 alipokea Nishani ya Taifa ya Sanaa kutoka kwa Rais George W. Bush, na mwaka huo huo alimkasirikia Michael Moore kwa kuliazima jina la kitabu chake katika filamu ya Fahrenheit 9/11 bila kuomba ruhusa. Alilalamika kuwa serikali imekuwa kubwa mno, na kuwa simu na intaneti zimezidi. Kitabu chake kuuzwa kwa njia ya kielektroniki alikikatalia hadi 2011. Lakini huyu huyu ndiye aliyeandika mwenyewe vipindi vyote 65 vya The Ray Bradbury Theater, vilivyorushwa kati ya 1985 na 1992. Kumwita mnafiki ni haraka. Riwaya yenyewe ina Faber, profesa mzee anayeichukia skrini, ambaye anamtia Montag sikioni kiredio alichokitengeneza ili amsikie na kumwongoza kutoka mbali. Chombo ni kile kile cha Mildred. Aliye upande wa pili ndiye tofauti. Bradbury wa mahojiano aliwalaumu watazamaji. Bradbury wa riwaya aliuliza nani yuko upande wa pili.

Jambo moja linampa haki, nalo ni la aibu kwa wachapishaji. Mwaka 1967 kampuni ya Ballantine ilitoa chapa ya maskuli ya Fahrenheit 451 ambamo vifungu takriban 75 vilikuwa vimebadilishwa, matusi na mengineyo, bila mwandishi kuarifiwa. Kwa miaka kadhaa ya 1970 ndiyo iliyokuwa ikiuzwa peke yake, hadi mwaka 1979 ilipogunduliwa. Serikali haikutoa amri yoyote. Katika maneno ya hasira aliyoyaongeza kitabuni baada ya hapo, Bradbury aliwashambulia pamoja wote wanaolalamikia vitabu, wakubwa na wadogo, waliodhulumiwa na wanaodhulumu. Na hapo mizani yake inapotoka. Kundi dogo linaloomba lisitukanwe halina kiberiti mkononi. Kampuni inayochapisha inacho.

Mwishoni mwa riwaya Montag anawakuta watu porini, kila mmoja amehifadhi kitabu kichwani. Mpenzi wa ushairi wa pwani atajikuta nyumbani, kwani mashairi ya Muyaka wa Mombasa yaliishi vinywani mwa watu hadi Mwalimu Sikujua alipoyakusanya na kumfikishia W. E. Taylor, na diwani ikaja kuchapishwa mwaka 1940. Lakini Bradbury anaongeza jambo la kutilia shaka: serikali ya mjini haiwasumbui watu hao, kwa kuwa vichaa wachache wenye beti vichwani hawawezi kumdhuru mtu. Watawala wa pwani hawakuudharau ushairi kiasi hicho. Beti za Muyaka zilikuwa silaha ya Mazrui dhidi ya Busaidi. Na Abdilatif Abdalla, aliyefungwa Kenya kati ya 1969 na 1972 kwa sababu ya kijitabu Kenya: Twendapi?, aliyatunga mashairi ya Sauti ya Dhiki gerezani, akiyaandika kwa siri kwenye karatasi za chooni, maana karatasi nyingine hakuruhusiwa kuwa nayo.