Kigingi cha 193.1

Ukifungua waraka wa G.694.1 wa Shirika la Kimataifa la Mawasiliano, ITU, hukuti maneno mengi. Kurasa ni chache, na nafasi kubwa imechukuliwa na majedwali ya namba. Wengi wataufunga hapo hapo. Mimi kila nikiurudia naona mikono ya mafundi waliojua hasa walichokuwa wakipima.

Kazi yake ni kugawa mwanga. Uzi mmoja wa kioo ndani ya mkongo, wenye kipenyo cha maikromita 125, hubeba makumi ya miale ya leza kwa wakati mmoja, kila mwale na masafa yake, kila mwale na mzigo wake wa simu, picha na miamala ya benki. SEACOM na TEAMS, mikongo iliyotia nanga Mombasa mwaka 2009, hufanya kazi kwa njia hiyo. Mwisho wa safari vichujio huitenganisha miale. Basi anayetengeneza leza na anayetengeneza kichujio, ambao pengine hawataonana maishani, lazima wakubaliane kila mwale ukae wapi.

Uamuzi wa kwanza wa waandishi ndio ninaoupenda kuliko yote: walipima kwa masafa badala ya urefu wa wimbi. Mwanga ukiingia kwenye kioo hupunguza mwendo na wimbi lake hufupika, lakini masafa hubaki yale yale. Kisha wakafanya kama mwashi anayepigilia kigingi kimoja na kupimia kuta zote kutoka hapo. Kigingi chao ni terahezi 193.1, sawa na wimbi la nanomita 1552.52 katika ombwe, ndani ya eneo ambalo vikuza mwanga vya erbiamu hufanya kazi vizuri. Kutoka hapo unahesabu kwenda juu au chini kwa hatua za gigahezi 100, 50, 25 au 12.5.

Tazama hatua hizo kwa makini. Kila moja ni nusu ya iliyotangulia, na zote zinaanzia mahali pamoja, kwa hiyo chaneli ya 193.2 iliyomo kwenye mpango wa gigahezi 100 imo pia kwenye mpango wa 50, wa 25 na wa 12.5. Mwenye mtandao anaweza kupenyeza chaneli mpya katikati ya zile za zamani bila kuihamisha hata moja.

Kukaa mahali ulipopangiwa, hata hivyo, kuna gharama. Leza inayotumika sana kwenye kazi hii husogea takriban nanomita 0.1 kwa kila digrii moja ya joto. Katika mpango wa gigahezi 100, chaneli mbili zimeachana kwa takriban nanomita 0.8 tu. Joto likipanda digrii nane, mwale umeshaingia kwa jirani. Ndiyo maana chini ya kipande cha leza huwekwa kibamba kidogo cha umeme cha kupoza na kupasha joto, na kando yake kipimajoto, vinavyofanya kazi usiku na mchana.

Wasiomudu gharama hiyo hawakusahauliwa. Waraka wa pili, G.694.2, unaachanisha chaneli kwa nanomita 20. Hapo leza inaweza kusogea nanomita saba kati ya baridi ya alfajiri na joto la kabati juani, bila kupozwa, na bado ikabaki kwake. Waraka huo ulitoka mwaka 2002, na mwaka uliofuata ukafunguliwa tena: chaneli zote 18 zikasogezwa nanomita moja, za 1270 hadi 1610 zikawa 1271 hadi 1611, ili ziendane na leza zilivyokuwa zikitengenezwa kweli viwandani. Waliona fundi wa kiwandani yuko sahihi, wakarekebisha karatasi.

Mwaka 2012 zamu ikawa ya G.694.1. Mawimbi ya kasi kubwa yalikuwa yamenenepa kupita nafasi ya gigahezi 50. Waandishi wakaruhusu nafasi za upana wowote, mradi uwe zidisho la gigahezi 12.5, na kitovu cha kila nafasi kikahesabiwa kwa hatua za 6.25 kuanzia 193.1 ile ile. Sasa chaneli ya gigahezi 50 na nyingine ya 75 hupita katika uzi mmoja, bega kwa bega, na mitambo inayofuata mpango wa zamani haikulazimika kung'olewa.